Mayai Viza ya Jasper: Hesabu ya Damu katika Kundi la Ndege wa Nyasi

Mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji anamjua koo aliyeatamia mayai kumi na mawili akaishia na vifaranga watano. Saba yaliyobaki ukiyatikisa karibu na sikio yanacheza: viza. Ikitokea mara moja unasema ni bahati mbaya, labda mvua ilipiga na banda likavuja. Ikitokea tena unamgeukia jogoo. Na bwana mifugo akija, kabla hajaangalia chakula wala dawa, atakuuliza: huyu jogoo umekaa naye tangu lini, na hawa matetea si binti zake?

Huko Illinois, Marekani, swali hilohilo lilikuja kuulizwa juu ya ndege wa porini, ambaye hana banda wala mwenyewe. Lilichelewa sana kuulizwa. Kwa miaka karibu thelathini watu walikuwa wamemnunulia ndege huyo ardhi, wamempandia nyasi na kumfukuzia maadui, na baada ya nafuu ya mwanzo, wakawa wakimhesabu wanamkuta anazidi kupungua. Kisa chake kinafundishwa vyuoni dunia nzima, ingawa mara nyingi husimuliwa nusu. Nusu ya pili ndiyo ngumu zaidi, nitaifikia.

Ndege mwenyewe ana umbo la kuku wa kienyeji, uzito wa kilo moja hivi, mwili wa kahawia uliopigwa mistari ya kukingama. Wamarekani humwita prairie-chicken. Hapa nitamwita kuku-nyika. Jina lake la kisayansi, Tympanuchus cupido, limebeba ngoma ndani yake, kwani neno la kwanza maana yake ni mwenye ngoma. Wala hakusingiziwa. Majira ya baridi yanapoisha, kabla jua halijachomoza, madume hukusanyika kwenye uwanja uleule wa nyasi fupi, mwaka baada ya mwaka. Kila dume hushika kipande chake cha uwanja, husimamisha manyoya ya shingo kama pembe, huvimbisha vifuko viwili vya rangi ya chungwa, hukanyaga chini harakaharaka na kutoa mvumo mzito ambao asubuhi tulivu husikika zaidi ya kilomita moja. Majike hupita katikati polepole wakitazama, kama wanunuzi sokoni wasiotaka ijulikane kuwa wana fedha. Mwishowe karibu wote humchagua dume yuleyule mmoja, au wawili. Waliobaki wamecheza bure, na kesho watarudi kucheza bure tena. Jambo hili lishike, maana ndilo litakalovuruga hesabu huko mbele.

Kwanza ardhi. Kabla ya walowezi, nyasi zilifunika takriban eka milioni 22 za Illinois, zaidi ya nusu ya jimbo. Kulikuwa na nyasi za kumzidi mtu kimo, na mizizi yake ilifumana chini kama mkeka. Udongo wenyewe ulinata kwenye jembe, mkulima akawa kila hatua chache anasimama kuukwangua. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa Grand Detour, hukohuko Illinois, jina lake John Deere, alitengeneza plau ya chuma cha pua kilichong'arishwa, udongo ukawa unateleza wenyewe. Muda wa maisha ya mtu mmoja ukatosha kuzigeuza nyanda zile kuwa mahindi. Nyasi za asili zilizobaki katika hali yake nzuri leo ni kama eka 2,300.

Ila plau haikumuua kuku-nyika siku ile ile. Mwanzoni ilimnenepesha. Vishamba vya nafaka vilivyotawanyika katikati ya nyasi vilimpa chakula cha majira ya baridi ambacho hakuwahi kukipata, na kadiri wakulima walivyosogea kaskazini na magharibi naye akawafuata. Katikati ya karne ya 19 Illinois ilikuwa na kuku-nyika wanaokadiriwa kufika mamilioni. Waliwindwa na kusafirishwa kwa reli kwenda kwenye masoko ya mijini. Kilichombadilikia ni uwiano. Shamba lilipokuwa robo na nyasi robo tatu, alineemeka. Shamba lilipomeza kila kitu, jike hakuwa na mahali pa kutagia. Mwaka 1933 wakakadiriwa kubaki 25,000 tu.

Kusini mwa jimbo, katika kaunti ya Jasper, walidumu zaidi kwa sababu isiyohusiana na hifadhi hata kidogo. Udongo wa huko ni wa mfinyanzi, hafifu kwa mahindi, kwa hiyo wakulima walipanda nyasi iitwayo redtop wakauza mbegu zake. Kumbe walikuwa wamemjengea ndege nyumba bila kukusudia. Mtaalamu wa wanyamapori Ralph Yeatter alikwenda huko miaka ya 1930 akawachunguza, akahesabu viota na mayai. Baadaye biashara ya redtop ikafa, soya ikaingia. Mwaka 1962 jimbo zima lilikuwa na kuku-nyika 2,000 hivi.

Hapo ndipo wahifadhi walipoanza kununua mashamba, kipande hapa na kipande pale, katika kaunti za Jasper na Marion, wakayarudishia nyasi. Mtaalamu Ronald Westemeier na wenzake wakaanza kazi ambayo watafiti wachache duniani wamewahi kuwa na subira nayo: kutafuta viota vya kundi moja na kuhesabu mayai yaliyoanguliwa na yasiyoanguliwa, msimu hadi msimu, kwa miaka 35. Kwa muda ilionekana kwamba mpango umefaulu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndege kwenye hifadhi za Jasper waliongezeka. Kisha wakaanza kushuka, na nyasi zikiwepo.

Mtu akishuka na chakula kipo mezani, unatafuta ugonjwa. Mshukiwa wa kwanza alikuwa mgeni: fesanti, ndege wa Asia aliyeletwa Marekani kwa ajili ya wawindaji. Jike la fesanti lina tabia ya kutaga kwenye kiota cha mwenzake. Mayai yake huanguliwa mapema kidogo kuliko ya kuku-nyika. Basi mama huona vifaranga wamekwisha toka, anainuka nao kwenda kutafuta wadudu, na nyuma anaacha mayai yake mwenyewe yaliyobakiza siku moja au mbili. Ni wizi wa aina yake, na watafiti waliuthibitisha, fesanti wakaanza kudhibitiwa. Mbweha, rakuni na nyoka nao walikuwepo kwenye orodha.

Lakini mbweha akipata yai hulila, halifanyi viza. Hili ndilo jambo ambalo takwimu za Westemeier zilikuwa zikilisema kwa miaka kabla halijasikilizwa vizuri. Yai lililotagwa, likaatamiwa hadi mwisho, halikuguswa na mtu, kisha halikuanguliwa, tatizo lake halitoki nje ya kiota. Zamani, katika kundi hilohilo, mayai 93 kati ya kila 100 yaliyoatamiwa yalianguliwa. Kufikia 1993 hayakufika hata 50. Na ndege wenyewe, Illinois nzima, hawakufika 50 vilevile.

Sasa twende kwenye damu. Wengi wetu tunajua kuwa ndugu wakizaana watoto hupata matatizo, ila tukiulizwa kwa nini, tunasema tu kwamba ni vibaya. Mfano ulio karibu nasi ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto hupokea nakala mbili za kila kinasaba, yaani kila agizo la urithi, moja kwa baba na moja kwa mama. Akipokea nakala moja ya selimundu na nyingine nzima, anaishi vizuri. Ile nzima inambeba mwenzake. Akipokea mbovu mbili, anaugua. Kila kiumbe, kuku-nyika akiwemo, amebeba nakala kadhaa mbovu za namna hii zilizojificha nyuma ya nakala nzima. Ukioana na mtu wa mbali, yeye amebeba zake na wewe zako, si rahisi zikutane. Ukioana na binamu, mmezirithi kwa babu mmoja, ni rahisi zikutane. Kwenye kundi la ndege 50 walioishi peke yao vizazi kadhaa, kila mmoja ni binamu wa kila mmoja. Mbovu zinakutana mapema sana, wakati mwingine ndani ya yai lenyewe, na kiinitete kinakufa kabla ya kutoboa ganda.

Kuna jambo la pili linalokwenda sambamba na hilo, nalo watu huyachanganya. Fikiria kapu la mahindi ya kienyeji, yale ya rangi: meupe, ya njano, mekundu, ya zambarau, na mawilimatatu yenye madoa. Kila msimu unachota mbegu bila kuangalia, unapanda, unavuna, unarudisha kapuni. Ukichota debe zima, rangi zote zitakuwemo. Ukichota punje kumi, uwezekano ni mkubwa kwamba yenye madoa haitakuwemo. Msimu ujao hakuna mwenye madoa wa kuzaa madoa. Chota tena kumi, zambarau nayo inakwenda. Hakuna aliyeichagua itoke, wala haikuwa mbegu mbaya. Imepotea kwa bahati tu, kwa sababu mkono ulikuwa mdogo. Na ikishapotea hairudi hata ukipanda eka mia moja kwa zilizobaki. Dawa ni moja, kwenda kwa jirani ambaye kapu lake bado lina madoa.

Matoleo haya mbalimbali ya kinasaba kimoja, yaani rangi za punje zetu, wanasayansi huyaita aleli. Kundi lenye aleli nyingi lina akiba: ugonjwa mpya ukija, au ukame, kuna uwezekano kwamba mmoja kati yao amebeba kinachohitajika. Kundi lililopoteza aleli linaweza kuonekana zima kabisa leo, ndege wanacheza ngoma, manyoya yanang'aa. Limefilisika benki tu.

Shaka ya kuwa kuku-nyika wa Illinois wamefilisika ingeweza kubaki shaka. Ukiwapima leo ukakuta aleli chache, mtu anaweza kukuambia kwamba pengine walikuwa hivyo tangu zamani za mababu zao. Unahitaji kuwapima mababu. Na mababu, kwa bahati njema, walikuwa kwenye droo za makumbusho, wamekaushwa, kila mmoja na kijikaratasi mguuni kinachotaja mahali na tarehe. Waliohifadhi ngozi zile miaka ya 1930 hawakujua lolote kuhusu DNA, kemikali inayobeba vinasaba. Umbo lake halikufahamika hadi 1953. Walikuwa wanatunza ndege ili watu wapime urefu wa mabawa.

Juan Bouzat, Harris Lewin na Ken Paige, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, walichukua sampuli za ndege hao wa zamani wakazilinganisha na za ndege walio hai, katika utafiti uliochapishwa 1998. Walichopima ni vipande vya DNA vinavyojirudiarudia. Msikilize bibi anaposimulia hadithi: sungura akaenda, akaenda, akaenda, akafika. Bibi mmoja atasema akaenda mara tatu, mwingine mara tano, mwingine mara nane, na hadithi haibadiliki. Ndani ya DNA kuna sehemu za namna hiyo, herufi chache zikirudiwa, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya ndege na ndege kisha hurithiwa na watoto. Ukihesabu marudio ya aina ngapi yapo katika kundi, umehesabu rangi za punje kapuni. Walitazama sehemu sita.

Ndege wa zamani wa Illinois walikuwa na wastani wa aleli 5.2 kwa kila sehemu. Wale wa 1993 walikuwa na 3.7. Kansas na Nebraska, ambako kuku-nyika bado walikuwa maelfu kwa maelfu, wastani ulikuwa 5.8. Kwa hiyo Illinois haikuwa maskini tangu mwanzo. Ilikuwa karibu sawa na jirani zake, kisha ikapoteza karibu theluthi moja ya mali yake katika kipindi ambacho baadhi ya watu waliokishuhudia walikuwa bado hai.

Hapa kuna swali la haki. Kundi lilikuwa 2,000 mwaka 1962, na ndege 2,000 si wachache. Mbona aleli zilivuja haraka hivyo?

Rudi kwenye uwanja wa ngoma. Ukihesabu ndege 100, nusu madume na nusu majike, kichwani una picha ya wazazi 100. Lakini kama majike 50 wote wamezaa na madume watano tu, wale 45 wengine kwa upande wa vinasaba ni kama hawapo. Wataalamu wana kanuni ya kukokotoa ukubwa wa kundi kwa hesabu ya damu: zidisha 4 kwa madume wanaozaa kwa majike wanaozaa, gawanya kwa jumla yao. Yaani 4 mara 5 mara 50, ugawe kwa 55. Jibu ni 18. Ndege 100 kwa macho, ndege 18 kwa damu. Kundi la 100 halisi hupoteza nusu asilimia ya utofauti wake kila kizazi. La 18 hupoteza karibu asilimia 3. Inaonekana ndogo, lakini vizazi ishirini vikipita la kwanza limepoteza kama asilimia 10, la pili zaidi ya 40. Na kuku-nyika hana maisha marefu. Vizazi ishirini si karne nyingi.

Kaskazini yake, katika jimbo la Wisconsin, Jeff Johnson, Peter Dunn na wenzao walifanya kazi kama hiyohiyo, wakitumia sampuli zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1950. Wakakuta vilevile kwamba hesabu ya damu ilikuwa chini sana kuliko hesabu ya vichwa, na kwamba vikundi vya jimbo hilo vilikuwa vimeanza kutofautiana kwa sababu mashamba yaliyo kati yao yamewazuia kutembeleana. Mimi naona uwanja huu wa ngoma ndio sehemu nzuri kuliko zote katika habari hii. Tabia iliyomfaa ndege alipokuwa milioni, majike kuchagua dume bora, ndiyo inayommaliza anapobaki mia.

Basi Illinois ikafanya alichotaka bwana mifugo: ikabadili jogoo. Kuanzia 1992 ndege waliletwa kutoka Minnesota, Kansas na Nebraska, 271 katika miaka ya mwanzo ya kazi hiyo, majike na madume, wakaachiwa Jasper na Marion. Matokeo yalionekana kwenye viota. Mayai yanayoanguliwa yakapanda tena hadi zaidi ya 90 kwa 100. Nyasi zilikuwa zilezile na mbweha walewale. Westemeier na wenzake walichapisha habari hiyo katika jarida la Science mwaka 1998, na tangu hapo kuku-nyika wa Illinois akawa mfano wa darasani wa kile kinachoitwa uokoaji wa kivinasaba.

Waliokosoa hawakukosekana, na hoja yao ina uzito. Hakukuwa na kundi la pili la Illinois lililoachwa bila wageni ili kulinganisha. Hifadhi nazo ziliendelea kutunzwa, wawindaji wa viota waliendelea kudhibitiwa. Nani ajue kilichosaidia ni kipi? Kwa ongezeko la idadi ya ndege, nawapa haki. Kwa mayai, siwapi. Yai lililokuwa linakufa likiwa ndani ya ganda na sasa halifi, halikuokolewa na uzio.

Kuna ubishi mwingine wa zamani zaidi katika fani hii, kwamba ukileta wageni unaweza kuharibu kile kilichowafanya wenyeji wafae mahali pao. Samaki wa mto mmoja wamejua kurudi katika mto wao. Changanya damu, watoto wapotee njia. Ni hatari ya kweli kwa makundi yaliyotengana kwa maelfu ya miaka. Kuku-nyika wa Illinois na wa Kansas walitenganishwa na mahindi ya juzi. Aleli zote zilizobaki Illinois zilikutwa pia kwa majirani. Hakukuwa na hazina ya pekee ya kulinda kwa gharama ya kundi kufa.

Sasa ile nusu ya pili. Vitabu vingi humaliza na mayai kuanguliwa, mstari wa grafu ukipanda. Miaka iliyofuata ulishuka tena. Mwaka 2014 jimbo likalazimika kuleta ndege wengine kutoka Kansas. Mnamo 2017 Steven Mussmann na wenzake walichapisha uchunguzi wao uliotumia manyoya yaliyodondoka kwenye viwanja vya ngoma. Unyoya ukiokotwa, shina lake lina seli za kutosha kumtambua ndege mmoja mmoja bila kumkamata. Walichokiona ni kwamba damu mpya ilikuwa imesaidia utofauti, ila kundi halikuwa limesimama kwa miguu yake. Walilieleza kuwa kundi tegemezi: likiachwa bila kuletewa ndege na bila kutunziwa nyasi, litakwisha.

Sababu haihitaji maabara. Hifadhi za Jasper na Marion ni vipande vilivyozungukwa na mahindi na soya. Kipande kidogo cha nyasi kina ukingo mwingi na moyo mdogo, na mbweha hutembea ukingoni. Kifaranga aliyeanguliwa salama kwa damu safi ya Kansas anatoka kiotani na kukuta nyumba ileile iliyomshinda bibi yake. Kama atafika utu uzima na kutaka kuhama, kama vijana wa kila spishi wanavyotaka, atahamia wapi? Hakuna kundi jirani. Kwa hiyo kapu la mahindi linajazwa kwa jirani, kisha mkono unaochota unabaki mdogo vilevile, na rangi zinaanza kutoka upya.

Aliyetangulia katika njia hii ni ndugu yake wa mashariki, aliyeitwa heath hen, kuku-nyika wa pwani ya Atlantiki. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa amebaki kwenye kisiwa kimoja tu, Martha's Vineyard, Massachusetts. Mwaka 1908 akatengewa hifadhi, idadi ikatoka ndege wasiozidi mia hadi karibu 2,000 ndani ya miaka kama minane. Magazeti yalishangilia. Mwaka 1916 moto ukapita wakati wa kuatamia, baridi kali ikafuata pamoja na vipanga wengi, kisha ugonjwa wa ndege wa kufugwa ukawaingia. Wa mwisho, dume lililokuja kucheza peke yake uwanjani, alionekana Machi 1932. Johnson na Dunn walipopima ngozi za ndege hao kwenye makumbusho, wakachapisha 2006, walikuta utofauti wa vinasaba ulikuwa tayari mdogo kabla hajatoweka. Moto ulimkuta kapu likiwa karibu tupu.

Na si kuku-nyika peke yake. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Amerika Kaskazini lilikadiria kwamba tangu 1970 bara hilo limepoteza karibu ndege bilioni 3, na waliopungua kuliko wote ni wa nyanda za nyasi: zaidi ya nusu yao, ndege milioni 700 na ushei. Msitu ukikatwa watu huona. Palipo peupe pakigeuzwa shamba, jicho halishtuki, maana palikuwa peupe na pako peupe.

Anayesoma haya akiwa Kenya hana haja ya kwenda mbali. Uwanda wa Kinangop, kaunti ya Nyandarua, kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa, ni makao makuu ya ndege mdogo mwenye kifua cha njano na kucha ndefu za nyuma, Macronyx sharpei. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani, na yumo kwenye orodha ya walio hatarini. Anataka nyasi fupi zenye vishungi vya nyasi ngumu vya kufichia kiota. Ng'ombe na kondoo hawamsumbui. Kwa kuzifupisha nyasi wanamfaa. Kinachomwondoa ni plau ya viazi na kabeji, na miti ya kupandwa. Muchane Muchai na wenzake walilieleza hilo mwaka 2002: karibu ardhi yote ni mashamba ya watu binafsi, na kila mwaka nyasi zinazidi kugeuzwa. Shirika la Nature Kenya limenunua vipande vichache na kuviacha kuwa nyasi. Vipande, kama Jasper.

Ndege huyu hachezi ngoma uwanjani. Dume na jike hushika eneo lao wawili wawili, kwa hiyo hesabu yake ya damu haivurugwi na dume mmoja mwenye wake hamsini. Hiyo ni nafuu aliyonayo kuliko kuku-nyika. Lililo sawa ni mwendo: shamba la viazi lililo kati ya malisho mawili ni kama ziwa kwa ndege asiyependa kulivuka, na majani mafupi yaliyobaki yakizidi kuachana, kila familia inabaki kuoana na jirani yuleyule.

Nairobi, Makumbusho ya Taifa yana droo zake za ndege waliokaushwa, wengine wa tangu kabla Kinangop haijagawanywa mashamba baada ya uhuru. Mwenye kutaka kuanza mapema kuliko walivyoanza Illinois ana pa kuanzia, na shambani vifaa vyenyewe si vya gharama. Unyoya ulioanguka huwekwa kwenye bahasha ya karatasi. Ya plastiki hufungia unyevu na unyevu huozesha DNA. Juu ya bahasha inaandikwa tarehe, mahali, na shamba la nani.